Vinara wa Kubana Matumizi: Tabia za Nyumbani Zinazookoa Fedha na Zinazookoa Senti

Karibu kila nyumba ina amri zake za kubana matumizi. Chomoa chaja. Zima taa ya barazani. Usifungue friji ovyo. Dawa ya meno ikamuliwe kuanzia chini. Amri hizi hurithishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti, kutoka kwa shangazi hadi kwa msichana wa kazi, na ni nadra mtu kukaa na kalamu akazipigia hesabu. Ukizipigia, jambo moja hujitokeza mapema: ukali tunaoutumia kuilinda tabia fulani hauendi sambamba na fedha inayookolewa. Tunagombana juu ya vitu vinavyowaka na kuonekana, ilhali fedha nyingi inaondoka kwa njia ya joto na kwa namna tunavyonunua. Kwa hiyo nimezipanga tabia hizi kwa vilele vyake: ipi inasemwa sana, ipi ni ghali, ipi ni ya hatari, na ipi inastahili taji.

Hesabu za umeme humu nimezifanya kwa bei ya Tanzania. Mteja wa kawaida wa majumbani, yule wa daraja la T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti, bei iliyopangwa mwaka 2016. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati, EWURA, uniti inafika takriban shilingi 356. Uniti ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Ukizishika namba hizo mbili, pamoja na wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa na saa unazokitumia, hakuna fundi wala ndugu atakayekubabaisha.

Inayosemwa sana na kuokoa kidogo kuliko zote: kuchomoa chaja

Chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu hula umeme, hilo ni kweli. Swali ni kiasi gani. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu 2020 inazitaka chaja ndogo zisizidi wati 0.1 zikiwa hazina mzigo. Kwa kiwango hicho, chaja iliyosahaulika mwaka mzima, usiku na mchana, hula chini ya uniti moja: kama shilingi 310. Chukua chaja mbovu mara tatu ya hapo, bado hujafika shilingi 1,000 kwa mwaka. Sababu nzuri ya kuichomoa chaja ya bei rahisi ni usalama, kwa kuwa hupata moto na inaweza kuunguza nyumba. Mwambie mtoto hivyo, ataelewa upesi kuliko ukimwambia habari ya LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Mlaji halisi wa kimyakimya yuko chini ya televisheni. Vipo ving'amuzi vinavyokula wati 10 au zaidi hata baada ya kuzimwa kwa rimoti, kwa sababu ndani bado viko macho. Wati 10 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 7.2, yaani zaidi ya shilingi 2,500 kwa mwezi. Gharama ya mwezi mmoja wa king'amuzi kama hicho inazidi ya chaja kwa miaka minane, na sijawahi kusikia mtu akikaripiwa kwa ajili yake.

Iliyokuwa kweli zamani: kuzima taa

Wazazi wetu walikuwa na haki. Balbu ya zamani ya wati 60 iliyosahaulika saa kumi za usiku ilikula uniti 0.6, ambazo kwa bei ya leo ni shilingi 214 kwa usiku mmoja. Taa ya LED ya wati 9 inayotoa mwanga unaokaribiana na ule hula uniti 0.09, shilingi 32. Ugomvi wa taa ulitungwa wakati wa balbu zinazochoma vidole, na umeendelea kuishi baada ya balbu zenyewe kufa. Faida kubwa ilikuwa katika kubadilisha balbu: taa moja inayowaka saa tano kila siku hupunguza takriban uniti 7.6 kwa mwezi. Kama nyumbani kwako, au kwa mzee kijijini, kuna balbu ya nyuzi bado inaning'inia, hiyo ndiyo ya kushughulikia wiki hii.

Dakika kumi ghali kuliko zote

Wakazi wa Nairobi, Arusha, Mbeya na Njombe wanaijua hita ya bombani, ile ya kupasha maji papo hapo juu ya kichwa cha anayeoga. Hita ya wati 5,000 ikitumika dakika kumi hula uniti 0.83. Kwa umeme huo huo, taa ya LED ya wati 9 ingewaka mfululizo kwa karibu siku nne. Kuoga kwa ndoo kunashinda kwa mbali: kupasha lita 15 kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunahitaji takriban uniti 0.35 tu, nawe unaoga mpaka ukatosheka. Hata ukibaki na hita yako, kuifunga wakati unajipaka sabuni kunaokoa kuliko kuzunguka nyumba nzima ukichomoa chaja.

Uniti ghali kuliko zote kwenye mita: ya 76

Hii inawahusu wenye matumizi madogo Tanzania, na inastahili kusomwa polepole. Mteja wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 tu kwa uniti, kabla ya kodi, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Uniti ya 75 ni shilingi mia. Ya 76 ni mara tatu na nusu. Uniti kumi za kuvuka zinagharimu shilingi 3,500, karibu nusu ya zile 75 zote za kwanza, ambazo ni shilingi 7,500. Linganisha na jirani wa T1 anayelipa 292 tangu uniti ya kwanza: uniti zake 80 ni shilingi 23,360.

Maana yake ni kwamba tabia ile ile haina thamani moja kwa kila nyumba. King'amuzi kinachokula uniti saba kwa mwezi ni kero ndogo kwa mwenye T1. Kwa mwenye D1 aliye kwenye uniti 72, ndicho kinachomvusha mstari. Kenya nao wana mstari wao, na umesogezwa karibu zaidi: tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya majumbani inaishia uniti 30 kwa mwezi, wakati zamani ilifika 100. Anayeishi karibu na mistari hii ana sababu ya kuhesabu hata uniti mbili tatu, na mwenye nyumba anayewafungia wapangaji wanne mita moja anawavusha wote kwa pamoja. Hilo la mita moja linaniuma, kwa sababu mpangaji wa chumba kimoja mwenye taa mbili na redio anajikuta akilipa kwa bei ya juu, na hakuna tabia nzuri yoyote ndani ya chumba chake itakayomwokoa.

Umeme wa bei mbaya kuliko wote

Umeme huo umo ndani ya betri za tochi, redio na rimoti. Betri ndogo ya rimoti, hata ile bora ya alkalini, hubeba takriban wati-saa tatu. Kufikisha uniti moja unahitaji betri zaidi ya 300. Tukizihesabu kwa shilingi 300 kila moja, uniti ya betri inakaribia shilingi 100,000, dhidi ya 356 za LUKU. Kwa rimoti haidhuru, kwa kuwa inakula kiduchu. Kwa redio inayoimba kutwa au tochi ya kila usiku, betri za kuchaji hurudisha gharama yake mapema sana, maana huchajiwa mamia ya mara.

Na ile tabia ya kuanika betri juani au juu ya bati? Wengi tulikua tukiona betri zimepangwa juani kama dagaa. Inafanya kazi kidogo, kwa muda mfupi: joto huchangamsha kemia iliyobaki ndani, redio ikaongea tena kwa taarifa ya habari moja au mbili. Chaji mpya haiingii. Kinachoweza kutoka ni maji yake makali, yakala vyuma vya redio, na hapo fedha iliyookolewa inageuka gharama ya fundi.

Kinara wa vinara: mfuniko wa sufuria

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu jikoni ndiko joto lilipo na joto ndilo linalokula fedha, iwe unapikia mkaa, gesi, kuni au umeme.

Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji joto la takriban uniti 0.09. Kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke kunahitaji uniti 0.63, mara saba zaidi. Mvuke unaoondoka kwenye sufuria iliyo wazi ni mkaa na gesi inayopaa darini. Kila mara unapoongeza lita ya maji kwenye maharage yaliyokauka, fahamu kwamba umekwisha kulipia lita iliyoondoka, na kuilipia ghali kuliko kazi yote ya kuichemsha mwanzo.

Jambo la pili watu wengi hawaliamini mpaka walijaribu: chakula kinachotokota kwa fujo hakiivi haraka kuliko kinachochemka taratibu. Maji yakishafika nyuzi 100 hayapandi tena, hata ukiongeza moto namna gani. Moto wa ziada huzaa mvuke tu. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage ya nyanda za juu huchelewa kuliko ya Tanga au Mombasa. Kwa hiyo funika, yakichemka punguza moto. Haina gharama, haihitaji kifaa kipya, na inafaa kwa jiko la aina yoyote. Sijaona tabia nyingine ya nyumbani yenye sifa hizo tatu kwa pamoja.

Nyuma ya mfuniko kuna msafara wa ndugu zake. Kuloweka maharage usiku kucha hupunguza sana muda wa kuyapika, na kununua maharage ya msimu mpya husaidia pia, kwa kuwa yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva. Magadi huharakisha kazi lakini hupunguza vitamini, hasa B1, basi yasiwe mazoea ya kila siku. Mapishi ya pwani yana kupalia: wali ukikaribia kukauka, makaa machache huwekwa juu ya mfuniko na yaliyobaki chini hupunguzwa. Wali huiva kwa joto lililokwishalipiwa, na bibi zetu walilijua hilo bila kipimajoto.

Ndugu mwenye sifa ndogo kuliko anayostahili ni kikapu cha kupikia. Chakula huchemshwa vizuri jikoni, kisha sufuria hufungiwa kwenye kikapu kilichojazwa vitambaa, pamba au majani makavu, kikaendelea kuiva bila moto wowote. Uingereza walitumia masanduku ya nyasi kavu kwa kazi hii nyakati za vita. Afrika Kusini, Sarah Collins alianza kutengeneza mfuko wa namna hiyo, Wonderbag, mwaka 2008. Na Kenya vipo vikundi vya akina mama vinavyoshona vikapu vya aina hii na kuviuza. Kwa wali na ndizi ni jambo la raha. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu nusu saa kwanza kabla ya kuingia kikapuni, kwani yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli tu.

Kwa aliye tayari kununua kifaa, jungu la presha la umeme ndilo lililobadilisha hesabu za maharage. Joto ndani yake hupanda mpaka karibu nyuzi 120, na kwa kuwa limefungwa na kuvikwa koti la kuhifadhi joto, sufuria ya maharage huweza kuiva kwa takriban nusu uniti, chini ya shilingi 200. Shirika la TaTEDO la Tanzania ni miongoni mwa waliolifanyia majaribio kwa vyakula vyetu, na kwa aliyezoea kusikia kwamba umeme si wa kupikia, majaribio hayo ni habari kubwa. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Bei ya jungu ndiyo kikwazo, na hapo ndipo mikopo midogo ya vikundi ingefaa kuelekezwa.

Ambaye bado yuko kwenye mkaa naye ana ya kwake. Jiko lenye kauri ndani, lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la Thailand, hupunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na la bati tupu. Makaa yaliyobaki yazimwe kwa kufunikwa kwenye kopo la bati, nje ya nyumba. Ukiyamwagia maji, kesho utatumia joto kuyakausha.

Ya hatari kuliko zote: kuzima friji usiku

Inaonekana ya busara: saa nane bila friji ni saa nane bila gharama. Lakini asubuhi mashine hufanya kazi mfululizo kuondoa joto lote lililoingia, kwa hiyo kinachookolewa ni kidogo. Kinachohatarishwa ni kikubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Dar es Salaam, friji iliyozimwa usiku kucha huwapa vijidudu nafasi hiyo. Kilo moja ya nyama iliyoharibika hufuta akiba ya miezi, na mtoto akiharisha, hesabu inahamia hospitali. Ukitaka kuokoa kwenye friji, angalia mpira wa mlango. Fungia karatasi mlangoni kisha uivute: ikitoka bila kushikwa, baridi inavuja hapo. Ivute friji mbali kidogo na ukuta ipate hewa, na usiache barafu inenepe.

Upotevu mvumilivu kuliko wote

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku. Hilo ni dumu moja kila siku, zaidi ya madumu 360 kwa mwaka, kutoka kwenye bomba ambalo aghalabu linahitaji raba ndogo tu. Uniti moja ya maji ya mamlaka ni lita 1,000, sawa na madumu 50. Anayenunua kwa mwenye mkokoteni kwa shilingi 300 kwa dumu analipa shilingi 15,000 kwa uniti hiyo. Kwake yeye kila tone lina bei.

Ndogo ndogo, kwa haraka: mche wa sabuni uliokatwa na kukaushwa kabla ya kutumika hudumu zaidi, kwa kuwa sabuni kavu haiyeyuki ovyo. Dawa ya meno kukamuliwa mpaka mwisho ni sawa, ila fedha iko kwenye kiasi kinachowekwa mswakini. Mtoto mdogo anahitaji cha ukubwa wa punje ya mchele. Kupiga pasi nguo zote mara moja kwa wiki hakuokoi sana kwa pasi ya umeme, maana kuipasha moto upya hugharimu shilingi 15 au 20. Kwa pasi ya mkaa kunaokoa kweli. Na kutoa pesa kwenye simu kidogo kidogo ni kulipa ada mara nyingi kwa fedha ile ile, kwa sababu ada hukatwa kila unapotoa.

Inayowagharimu wasio nacho kuliko wenye nacho: kupimiwa

Tuseme lita ya mafuta ya kula ni shilingi 5,000, na kipimo cha sehemu ya kumi ya lita kinauzwa 600. Anayepimiwa mara kumi amelipa 6,000, asilimia 20 zaidi ya aliyebeba chupa. Fanya hesabu hiyo kwenye duka la mtaani kwako kwa unga, sukari, sabuni ya unga na mkaa wa kisado dhidi ya gunia, utaona mwenye fedha kidogo ndiye anayenunua kwa bei ya juu.

Lakini tusimhukumu haraka. Anayelipwa kwa siku hawezi kununua kwa mwezi. Wengine wanapimiwa kwa makusudi, kwa kuwa chupa kubwa humiminwa bila hesabu na gunia likijulikana mtaani halikosi waombaji. Hoja hizo zina uzito. Maoni yangu ni kwamba mchele, sabuni na mkaa uliohifadhiwa mahali pakavu vinafaa kununuliwa kwa wingi. Mafuta na sukari vinafaa kwa yule tu anayepima kila siku anachochota. Na mtaji mkubwa si lazima uwe wa mtu mmoja. Kaya nne zinaweza kuchanga, zikanunua gunia la mchele na kugawana kwa mizani siku hiyo hiyo.

Yenye ushahidi mzito kuliko zote: kibubu

Wanaodharau kibubu husema hakina riba na mfumuko wa bei hukila. Ni kweli. Hata hivyo, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya majaribio na wanachama wa vikundi vya kupeana fedha magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2013: kumpa mtu kisanduku salama cha kuwekea fedha kulitosha kuongeza akiba ya mahitaji ya afya kwa asilimia 66. Vikundi vya kuchangia kwa pamoja navyo vilileta matokeo makubwa sana. Kufungia fedha kwa lengo moja tu hakukusaidia kila mtu. Kulifaa kwa ajili ya dharura, na kwa wale wanaoandamwa mara kwa mara na maombi ya ndugu na marafiki.

Hapo napata hukumu yangu kuhusu vibubu vyetu vya mbao. Kibubu kinachofunguka kwa ufunguo kinafaa kuliko kile kinachopasuliwa, na kilicho na kazi inayojulikana bila kukufunga, iwe ada, bima ya afya au jungu la presha, kinafaa kuliko kisicho na jina. Shilingi zinazopatikana kwa mfuniko na bomba lililorekebishwa zinahitaji mahali pa kwenda, la sivyo zitaishia kwenye matumizi mengine ya siku ile ile.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kumkaripia tena mtu kwa ajili ya chaja, andika uniti zilizobaki kwenye mita yako saa moja jioni leo, na kesho saa ile ile, na keshokutwa, kwa wiki nzima. Jioni ya maharage itajionyesha yenyewe kwenye karatasi hiyo. Pika tena wiki inayofuata ukiwa umeyaloweka na kuyafunika, kisha linganisha namba.